Siku Boneti Ilipokubali Kufunga Msambweni

Enyi wake kwa waume, wenye haraka na wasio na haraka, wa Diani na wa Msambweni, wa kutoka bara kavu ya Taru hadi visiwani Wasini, wekeni chini vikapu, punguzeni sauti za redio, na aliye na chungu jikoni amwombe jirani amtazamie. Wako walioimbiwa kwa kuvunja ngome, na wako waliosifiwa kwa kuvuka bahari saba na kurudi na ndevu nyeupe. Leo mnaletewa jambo zito kuliko hayo. Mnaletewa habari ya boneti ya gari iliyoinuka upande mmoja kwa unene wa andazi, na jinsi ilivyoteremshwa ikakaa, mchana wa Alhamisi, mbele ya mashahidi na kuku.

Alikuwako Msambweni, na Mungu azidi kumweka, Mzee Abdulbasit, Mshika Usukani Asiyetetereka, Mpiga Honi kwa Adabu, ambaye maisha yake yote alikuwa na gari moja tu. Gari hilo aliliita Salama. Lilikuwa gari la kale, la rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla, na lilikuwa limeyazidi umri mashimo yote ya barabara ya Lunga Lunga. Hapakuwa na bibi harusi wa mtaa ule aliyefika kwa mumewe ila ndani ya Salama, na Mzee mbele, shingo wima, akienda mwendo wa maiti ili shela isipeperuke.

Sasa zamu ilikuwa ya binti yake mwenyewe, Hafsa.

Huyu Hafsa alijaaliwa haya nyingi na sauti ndogo, sauti ambayo hata kuku wa nyumbani hawakuitii. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, na baba, ambaye hakujua kusuka nywele wala hadithi za kumlaza mtoto, alimlea kwa kile alichokijua: alimweka kando ya gari na kumwambia, "Nipe spana ya kumi. Siyo hiyo, mwanangu, hiyo ni ya kumi na mbili." Hivyo Hafsa alikua akimjua Salama kwa ndani kama wengine wanavyoyajua makabati ya mama zao.

Wako walionong'ona kwamba si desturi baba kumwendesha binti yake kwenda kwa mume. Mzee aliwajibu hivi: "Siku hiyo sitakuwa baba. Nitakuwa dereva." Alisema hivyo huku akikifuta kioo cha gari ambacho hakikuwa na vumbi.

Lakini nani aijuaye kesho? Msiba uliingia kwa mlango wa furaha.

Ilifika siku ya kuchagua mchele, ambapo wanawake wa mtaa hukusanyika na masinia yao kuutoa mchele wa harusi vijiwe na chuya, wakiimba na kumsema kila asiyekuwapo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, uwanja ukawa tope, na kuku walikuwa na njaa. Magunia mawili ya mchele yangewekwa wapi? Macho yote yalimgeukia Salama, mpana, mkavu, mtulivu. Magunia yakapandishwa juu ya boneti, yote upande wa kushoto mbele, kwa sababu upande wa kulia alikuwa amekwisha kukaa Bi Mwanarusi na sinia lake.

Bi Mwanarusi alikuwa dada yake Mzee na ndiye somo wa Hafsa, yaani mwalimu na mlinzi wake mpaka harusi ipite. Ndiye aliyeanzisha nyimbo. Kila kiitikio, wanawake waliipiga ile boneti kwa viganja kama ngoma, na katika vifijo vile hakuna aliyesikia bawaba zikilia. Bi Mwanarusi alipoinuka jioni, magunia yakabaki peke yake usiku kucha, hayana wa kuyapa mizani. Kulipopambazuka pembe ya kushoto mbele ilikuwa imezama, na pembe ya kulia, ile iliyo karibu na kioo, ilikuwa imeinuka kama nyusi ya mtu asiyeamini anachoambiwa.

Mzee hakuona. Alilitoa gari kwenda Ukunda kutafuta riboni, na pale penye tuta, mbele ya soko zima, Salama akaachama. Boneti ilifunguka mzima mzima ikafunika kioo. Mzee alisimama salama salimini, lakini heshima haikusimama. Katika waliocheka alikuwamo mtu wa Majoreni, kwao bwana harusi, na mtu wa Majoreni ana simu. Kabla Salama hajarudi nyumbani, habari ilikuwa imekwisha kufika kwa Bi Twaiba.

Bi Twaiba! Shangazi yake bwana harusi Abdalla, Nguzo ya Majoreni, Msema Kweli Usiyoiomba. Alituma ujumbe wa sauti, na Mzee akausikiliza amekaa mkekani.

"Mzee Abdulbasit, salaam aleikum. Nimesikia. Gari lenye mdomo wazi halimleti mke wetu. Tumekodi gari jeupe la Diani, jipya, lina dereva wa miwani. Lakini sitahukumu kwa kusikia. Nitakuja Alhamisi nilione kwa macho yangu. Nikilikuta limefumba, nitanyamaza. Nikilikuta limeachama, Ijumaa utapanda nyuma na wageni. Nisalimie Hafsa."

Mzee aliilaza simu kifudifudi. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, hakwenda kulifuta gari, na Hafsa alimwona kupitia dirishani, amesimama uwanjani na kitambaa mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa. Hapo vita vikatangazwa, na vilitangazwa ndani ya kifua cha binti ambaye hakuwahi kumfokea hata paka.

Lakini angepiganaje? Bibi harusi alikuwa mateka wa harusi yake. Alikuwa ndani, akisingwa kwa liwa na kufukizwa udi, haruhusiwi jua. Asubuhi ya Alhamisi alipakwa hina tangu ncha za vidole hadi karibu na viwiko, akakalishwa kwenye kigoda karibu na dirisha ili upepo umkaushe, na Bi Mwanarusi akamsomea sheria.

"Hutagusa kitu. Hutajikuna. Ukiwashwa, sema nitakukuna mimi. Na la mwisho, sikiliza vizuri: sauti yako haisikiwi na wakwe mpaka fungate ipite. Mimi mwenyewe walinisikia siku ya nane, na wakaniheshimu."

"Sawa, somo," akasema Hafsa, na wala hilo halikusikika vizuri.

Uwanjani aliingia Fundi Tsuma wa Ukunda, Baba wa Nyundo, mnyoosha madigadi na mabati ya kila namna, mwembamba kama ufito na mwenye maneno ya watu wanne. Alimzunguka Salama, akaguna, akaishika boneti kidevu, kisha akahutubia.

"Mzee wangu, mimi nimepambana na malori. Nimelinyoosha basi lililobusiana na mnazi. Hii boneti ni kama mtoto mtundu: ukiibembeleza, inakuzoea. Nipe ruhusa ya mapigo mawili tu, na kama haikulala, basi mimi si mtoto wa baba yangu."

"Tsuma," alijibu Mzee, "hiyo nyundo iache nje ya uwanja. Gari hili limebeba mabibi harusi. Halikuzoea kupigwa."

"Basi tufanyeje? Tuiombee?"

Dirishani Hafsa aliegemea mbele. Salama alikuwa ameegeshwa pua ikimwelekea, na kutoka pale aliiona aibu yote: mstari wa boneti, ambao ulipaswa kunyooka kutoka taa hadi taa, ulikuwa umelala kama fremu ya picha iliyopigwa msumari vibaya. Aliijua dawa yake. Akamnong'oneza somo wake, naye Bi Mwanarusi, asiyejua boliti na kokwa ya ukwaju vina tofauti gani, alifikiri kidogo. Kuongea na ndugu yake hakukuvunja sheria yoyote. Akajitokeza dirishani kama mjumbe wa sultani.

"Enyi wanaume! Kuna mtu ndani, sitamtaja, asema pembe ya kulia, upande wa usukani, ndiyo iliyopanda, na kushoto kumezama kwa sababu hiyo. Boliti za bawaba ya kulia zilegezwe, zisitolewe. Zibaki baina ya hofu na matumaini, kama muumini. Kisha boneti ifungwe, pembe ile ikandamizwe mpaka ishuke, na boliti zikazwe hapo hapo ingali imekandamizwa."

"Huyo mtu ni nani?" akauliza Tsuma.

"Ni dirisha."

Tsuma alilitazama dirisha kwa heshima mpya. Mzee hakuuliza kitu. Aliinamisha kichwa kuficha tabasamu, akaenda kuchukua spana.

Sasa jueni kwamba katika gari lile la kale, boliti za bawaba hazifikiwi ila kutokea ndani, chini ya dashibodi, mahali penye giza, nyaya na buibui. Mzee alivua kofia, akajilaza chali kwenye sakafu ya upande wa dereva, akajisukuma mpaka kichwa na mabega vikapotea, na miguu yake ikabaki nje ya mlango, ndala zikining'inia. Kule ndani hakuona pembe wala mstari. Aliona kiza na boliti mbili, akazilegeza, akangoja neno.

Tsuma aliiangukia pembe ya kulia kwa mikono yote miwili.

"Imeshuka?" iliuliza sauti kutoka chini.

"Dirisha lasema bado," akatangaza Bi Mwanarusi.

Tsuma aliilalia kwa kifua. Boneti ikashuka kidogo, ikamfikiria, ikamrudisha juu.

"Sasa?"

"Bado! Na dirisha lauliza, huyu fundi hula nini kwao?"

"Ninakula vizuri!" alihema Tsuma. "Mungu ndiye aliyeniumba mwepesi, kwa ajili ya kuingia chini ya malori!" Akairukia tena, miguu yote ikaachana na ardhi, akabaki anabembea juu ya pembe ile kama kanga iliyoanikwa. Jasho lilimtiririka. Pengo lilipungua likawa la unene wa chapati, lakini boneti haikusalimu amri. Ilihitajika nguvu nyingine, nzito na tulivu, na nguvu hiyo haikuwapo katika uwanja ule.

Ikaja kwa tuktuk.

Tuktuk ilisimama penye ua, na Bi Twaiba aliposhuka, tuktuk iliinuka kwa shukrani. Alikuwa mama aliyejaaliwa mwili wa heshima, buibui la hariri, mwavuli mkononi, na mwendo wa mtu anayejua kwamba njia itampisha. Bi Mwanarusi alimwona, akapiga kelele ya ukaribisho, na kwa hofu ya kukutwa mikono mitupu akakimbilia jikoni kutengeneza sharubati ya ukwaju. Hafsa akabaki peke yake dirishani, hana mjumbe.

"Hodi wenyewe!"

"Shikamoo, mama," akasema Tsuma, akiteremka kutoka kwenye boneti na kusimama kando, mikono nyuma.

"Marahaba. Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Niko hapa, Bi Twaiba," ilisema miguu. "Karibu sana. Uniwie radhi, siwezi kutoka. Nikiiachia spana sasa, kazi yote imepotea."

Bi Twaiba aliitazama ile miguu. Alikuwa amejiandaa njiani kote kuhutubia uso, lakini hotuba nzuri haitupwi kwa sababu ya uhaba wa nyuso. Alisogea mpaka kwenye mlango wa dereva, akafunga mwavuli, akaanza.

"Mzee Abdulbasit, nimekuja kwa heshima na nitaondoka kwa heshima. Usidhani nina kiburi. Mimi, Twaiba, nililetwa kwa mume wangu kwa lori la nazi. Naam! Hata kukaa mbele sikupewa. Mbele alikaa mwenye nazi. Nilifika na makumbi kwenye shela, na mpaka leo wako wazee Majoreni wanaoniita Mwananazi wakidhani sisikii. Siku ile niliapa, wallahi, kwamba wake wa vijana wangu hawatashuka kwenye chombo cha kuchekwa. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili yao!"

"Ni haki yako," ilisema miguu kwa upole.

"Gari lako nalijua. Limewabeba wengi, Mungu alilipe. Lakini uzee ni uzee. Hebu tazama hapa!" Na hapo mkono wake wa kulia ulipanda, bangili zikalia, ukashuka juu ya pembe ya boneti iliyoinuka kwa kishindo kilichowarusha kuku. "Hapa paka anapita! Hapa!" Na kwa kuwa hoja ilikuwa nzito, na safari ilikuwa ndefu, na magoti hayakuwa ya ujana, Bi Twaiba hakuuondoa mkono. Aliuegemea.

Hafsa akaona.

Aliona pembe ya kulia ikizama polepole chini ya kiganja kile. Aliona upande wa kushoto ukipanda kama mtu anayetoka majini. Mstari ukanyooka, kutoka taa hadi taa, umenyooka kabisa, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeuona. Baba alikuwa gizani. Tsuma alikuwa akizitazama ndala zake mwenyewe. Somo alikuwa jikoni anakamua ukwaju. Na Bi Twaiba alikuwa amefika kwenye neno "kwa hiyo", na kila mtu anajua kwamba baada ya "kwa hiyo" mzungumzaji hujiinua.

Sheria ilikuwa wazi. Wakwe wasimsikie mpaka fungate ipite. Moyo wa Hafsa ulidunda mpaka kwenye hina. Akamkumbuka baba na kile kitambaa. Akasimama, akavishika vyuma vya dirisha kwa mikono yote miwili, hina mbichi na vyote, na kutoka ndani ya kifua chake kidogo ikatoka sauti ambayo Msambweni haikuwahi kuisikia.

"Shangazi, usiondoe mkono! Baba, kaza!"

Kuku waliganda. Muuza samaki aliyekuwa akipita na baiskeli alifunga breki. Bi Twaiba alishtuka, mkono ukaanza kuinuka.

"Usiondoe, shangazi, nakuomba! Lalia! Lalia kwa kiwiko!"

Na yule ambaye tangu siku ya lori la nazi hakuamrishwa na kiumbe, ambaye chifu mwenyewe humsalimu kwanza, aliinama akalalia boneti kwa kiwiko.

"Ya kwanza imekaa!" ilisema sauti kutoka chini ya dashibodi, na sasa haikuwa sauti ya upole, ilikuwa sauti ya jemadari aliyepata njia.

"Ya pili, baba! Robo zaidi! Shangazi, kulia kidogo. Hapo! Fundi, shika pua yake, usiipige! Isukume tu!"

Tsuma aliiangukia pua ya Salama. Spana ililia mara ya mwisho, kisha kufuli ya boneti, ambayo tangu siku ya mchele ilikuwa inautafuta mdomo wake bila kuuona, ikaupata.

Tak.

Hakuna mzinga uliopata kulia vizuri kuliko hivyo.

Bi Mwanarusi alitokea na sinia la sharubati. Alimwona mkwe amelala kifudifudi juu ya gari, na mwali wake amesimama dirishani mbele ya ulimwengu, na glasi zote zikaanza kugongana.

Bi Twaiba alijiinua taratibu. Alilinyoosha buibui lake. "Ni nani," akauliza, "aliyeniamrisha?"

"Ni dirisha," akasema Bi Mwanarusi kwa sauti iliyokaribia kilio.

"Ni mimi, shangazi," akasema Hafsa. "Shikamoo."

Mikono yake ilikuwa bado kwenye vyuma, na maua ya hina ya viganja vyote viwili yalikuwa yamefutika yakawa mawingu. Hukumu ilikuwa mkononi mwa Bi Twaiba, naye hakuitoa kwa haraka. Kwanza alikipitisha kidole chake cha mwisho kwenye mwanya wa kulia wa boneti. Akazunguka gari zima, akakipitisha kwenye mwanya wa kushoto. Akarudi kulia. Kisha uso wake ukabadilika, kama wa mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe njiani.

"Mmeona?" akawauliza wote, pamoja na muuza samaki. "Kiwiko kimoja."

"Lakini, mama," alianza Tsuma, "lile dirisha ndilo..."

"Kiwiko kimoja!" Akatoa simu mkobani, akaileta karibu na mdomo. "Sikilizeni huko Majoreni. Gari la Diani lirudishwe lilikotoka, na miwani yake. Boneti nimeinyoosha mimi mwenyewe, na sikubali mke wetu apakiwe kwingine baada ya kazi yangu. Sasa nakunywa sharubati." Akaigeukia miguu, ambayo ilikuwa bado imetokeza mlangoni haijui kama imeshinda. "Na wewe utalala humo mpaka lini? Dereva wa kesho ni nani?"

"Ni mimi," ilisema miguu, kwa sauti iliyokatika katikati.

"Basi vaa kanzu isiyo na grisi."

Hivyo ndivyo ilivyoamriwa, wala haikuandikwa mahali popote. Bi Twaiba alikunywa glasi mbili, na kabla hajapanda tuktuk alisogea dirishani, akamtazama Hafsa kwa muda, akainama.

"Wewe. Kwangu pana mlango wa jikoni. Haufungi sawasawa tangu fundi aupachike. Fungate ikipita, uje. Usiwaambie watu."

"Nije na spana, shangazi?"

"Uje na ile sauti."

Tuktuk ilipoondoka, Mzee Abdulbasit alijikokota kutoka chini ya dashibodi, utando wa buibui kwenye ndevu na alama ya boliti kwenye paji la uso. Alikuja akasimama mbele ya dirisha, mahali ambapo Bi Mwanarusi hakumruhusu, na Bi Mwanarusi alimwona akageuka upande mwingine.

"Kule chini nilikuwa sioni kitu," alisema.

"Najua, baba."

"Nilikuwa nangoja uniambie tu."

Basi vigelegele vikapanda kutoka nyumba hata nyumba, na habari ikaenea kama moshi wa ubani. Majoreni hadi leo wanasema ni kiwiko cha Bi Twaiba, na jina la Mwananazi halitajwi tena, angalau si kwa sauti. Ukunda wanasema ni Fundi Tsuma, kwa kuwa ndiye anayeisimulia huko. Bi Mwanarusi anasema ni dua. Mahodari wabishane. Sisi tuseme lile lisilobishaniwa: kwamba Alhamisi ile, Msambweni, kabla ya adhana ya alasiri, mwanya wa boneti ulikuwa wa ncha ya kidole kulia, na wa ncha ya kidole kushoto, na asiyeamini aende akapime.